Ng'ombe wa Ngeleja Hawahesabiwi

Jumatatu jioni, ng'ombe waliporudi kutoka machungani, Nyamizi alisimama kwenye mlango wa zizi na daftari mkononi, na kila ng'ombe aliyepita alimpa namba. Mwenye pembe iliyovunjika, moja. Mweupe mzee, mbili. Ndama wa yule mweupe, tatu. Rafiki yake Violeth alisimama upande wa pili, sketi ya shule imejaa vumbi, akitaja rangi zao kwa sauti kama mwalimu anayeita majina darasani.

"Kijivu mwenye doa usoni!"

"Ishirini na nane."

"Mama yake nani?"

"Yule wa ishirini na sita."

"Mtamba mwekundu, bado hajazaa!"

"Thelathini na moja."

"Mama yake?"

"Hayupo hapa. Tuache wazi."

Hayo yalikuwa mazoezi. Wasichana hao wawili walikuwa kidato cha tatu, na kwa miezi miwili kila jioni walikaa pamoja kutatua maswali ya zamani ya olimpiadi ya informatiki, mashindano ya kuandika programu za kompyuta. Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mchujo. Wanafunzi wa nchi nzima wangeufanya kwa mtandao, na kumi tu wangeitwa kambini Dodoma, kuandaliwa kuiwakilisha Tanzania.

Swali lililowashinda lilitoka kwenye karatasi ya miaka sita iliyopita. Lilihusu visiwa laki moja na madaraja yake, na mtu anayeuliza tena na tena: kutoka kisiwa hiki, naweza kufika kile? Programu yao ilijibu sawasawa, lakini ilijibu polepole, na kila walipoituma ilirudi na maneno mekundu: muda umekwisha. Mwalimu wao wa kompyuta, Anthony, alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza. Swali likikushinda, ondoka kwenye kibodi, ulisimulie upya kwa vitu vya nyumbani kwenu. Violeth alikuwa amewahi kuona visiwa, maana baba yake ni bwana shamba aliyehamishwa Bariadi kutoka Bukoba. Nyamizi hakuwa na kisiwa. Alikuwa na zizi. Basi kisiwa kikawa ng'ombe, daraja likawa mama na ndama wake, na swali likawa: huyu na yule ni wa ukoo mmoja?

"Mnafanya nini hapo?"

Ngeleja, baba yake Nyamizi, alikuwa amesimama nyuma yao na fimbo begani. Violeth alipiga goti haraka kusalimia. Ngeleja hakuitikia. Alikuwa akiliangalia daftari.

"Tunajiandaa na mashindano, baba," alisema Nyamizi.

"Hizo namba ni za nini?"

"Za ng'ombe, baba. Tumewaandika ili…"

"Umewahesabu?"

"Tumewaandika tu. Mpaka wa mwisho wamefika thela…"

"Nyamaza! Usiitaje!"

Katika mji wa Ngeleja ng'ombe hawakuhesabiwa. Mtu akimuuliza Ngeleja anao wangapi, alijibu, "Wapo." Akiulizwa watoto, alijibu hivyo hivyo. Baba yake alimwambia kwamba ukishawapa namba umewaonyesha kwa kinachowatafuta, na Ngeleja hakuwahi kuona sababu ya kulijaribu neno hilo. Alinyoosha mkono. Nyamizi akampa daftari kwa mikono miwili, naye akalichomeka juu kwenye nyasi za paa la ghala, mahali ambapo hakuna aliyefika isipokuwa yeye.

* * *

Jumanne jioni Ngeleja alisimama mlangoni mwa zizi mwenyewe. Mayige, mwanawe mkubwa aliyechunga siku ile, alishaanza kusukuma miti ya mlango ili afunge.

"Mtamba mwekundu hayupo," alisema Ngeleja.

"Wamekuja wote, baba. Nimewatoa lamboni wote."

"Hayupo."

Mayige aliingia zizini, akazunguka, akatoka ameinamisha kichwa. Hakuwepo. Walirudi njia yote mpaka lamboni na hawakuona chochote zaidi ya nyayo za makundi mengi yaliyonywa maji siku ile.

Walipokaa kula, Ngeleja hakugusa ugali. Alimtazama binti yake.

"Tangu nizaliwe sijapoteza ng'ombe. Jana umewahesabu, leo hayupo. Unasemaje?"

"Nisamehe, baba."

"Jumamosi huendi popote. Mtamba akirudi, tutazungumza. Asiporudi, hiyo kompyuta wataicheza wengine."

Nyamizi alitoa vyombo. Mama yake, Minza, alingoja mpaka binti ametoka.

"Baba Mayige, ng'ombe anapotea kwa kuchungwa vibaya. Hapotei kwa kalamu."

"Wewe nawe. Tangu uanze hayo masomo yako ya jioni kila kitu unakijua."

Maneno hayo yalimchoma, na Ngeleja alijua yatamchoma. Minza alikuwa na miaka arobaini na mbili. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikwenda kwenye ukumbi wa kanisa kusoma pamoja na watu wazima wengine waliokuwa wakijiandaa na mtihani wa kidato cha pili, na kisimani wanawake walimwita mwanafunzi, wakimwuliza kama sare yake imekwisha kushonwa.

"Sikijui kila kitu," alisema taratibu. "Ndiyo maana nasoma. Ila huyu mtoto usimfungie mlango kwa kosa la mtamba."

"Nimeshasema."

Minza aliingia jikoni, akapiga magoti kando ya mafiga ambayo moto wake ulikuwa umefifia. Hakuomba kwa maneno mengi. "Bwana," alisema, "ng'ombe ni wako na mtoto ni wako. Mimi sijui yuko wapi huyu mmoja, wala sijui huyu mwingine atafika wapi. Wewe unawaona wote wawili. Tuonyeshe." Akabaki pale mpaka magoti yakafa ganzi.

* * *

Jumatano nzima Ngeleja na Mayige walizunguka. Walipita mji kwa mji wakiuliza, na kila mahali habari ya daftari ilikuwa imewatangulia. Mayige alifika mpaka kwa Mboje, mzee mwenye kundi kubwa kuliko wote upande ule, akaambiwa kwamba pale hakuna mgeni. Mchana, Ngeleja alimkuta Mboje huyo huyo lamboni amekaa na wanaume wenzake.

"Mwadila, Ngeleja."

"Mwadila."

"Mhola?"

"Mhola duhu. Salama tu, isipokuwa huyo mtamba."

"Tumesikia." Mboje alisukuma kofia yake nyuma. "Lakini wewe unahangaika bure, ndugu yangu. Si binti yako kawaandika? Mwambie aangalie kwenye daftari amekwenda wapi!"

Wanaume walicheka mpaka mmoja akashika mbavu.

"Au ampigie simu," aliongeza mwingine. "Siku hizi ng'ombe wana namba."

Ngeleja alicheka kidogo pamoja nao, kama inavyompasa mtu mzima, akaaga, akaondoka. Njiani alitembea haraka mbele ya Mayige mpaka nyumbani.

Shuleni, baada ya vipindi, Violeth alikuwa amekaa peke yake mbele ya kompyuta; Nyamizi alikuwa ameshakwenda nyumbani, kwa kuwa mashindano hayakuwa yake tena. Alipojaribu kutatua swali bila mwenzake alijikuta anageuka kila mara kuuliza, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Alikwenda kwa Mwalimu Anthony akiwa na machozi.

"Mwalimu, mimi siendi bila Nyamizi."

"Utakwenda," alisema mwalimu. "Lakini ngoja kwanza nikamwone mzee."

* * *

Mwalimu Anthony alifika Alhamisi alasiri kwa pikipiki. Alikuwa kijana wa Mbeya, mwaka wake wa pili Simiyu, na salamu za Kisukuma alizitamka vibaya lakini kwa heshima. Ngeleja alimpa kigoda, akaagiza aletewe michembe ya viazi na chai, akamwacha anywe mpaka mwisho. Hapo ndipo mwalimu alipotoa karatasi ya ruhusa ya mzazi.

"Sina kalamu," alisema Ngeleja.

"Ninayo, mzee."

"Hata kama unayo. Sina."

Mwalimu aliikunja karatasi akairudisha mfukoni. Alisafiri njia yote akijipanga kusema habari za Dodoma na chuo kikuu, na sasa aliona kwamba hayo yote hayana pa kushika. Alitazama zizi, ambamo ndama wachanga walikuwa wamefungwa.

"Mzee, naomba niulize jambo moja, usikasirike. Kama huwahesabu, ulijuaje kwamba hayupo? Nimeambiwa ulijua kabla mlango haujafungwa."

Nyamizi alikuwa amepiga goti akikusanya vikombe. Mkono wake ulisimama.

Ngeleja alimwangalia mgeni kuona kama anamdhihaki. Hakuona dhihaka. Akajiweka vizuri kwenye kiti chake.

"Nyie mnaangalia ng'ombe mmoja mmoja. Ndiyo maana mnachoka. Mimi naangalia wakuu. Yule mweupe mzee ni mkuu. Mwenye pembe iliyovunjika ni mkuu. Kila mmoja ana watu wake, mabinti na wajukuu, wanatembea nyuma yake, wanalala karibu yake. Nikimwona mkuu, naangalia mgongoni kwake. Pakiwa na tundu, naliona."

"Na ukikutana na ng'ombe usiyemjua ni wa nani?"

"Namwangalia anamfuata nani. Na huyo anamfuata nani. Unapanda hivyo hivyo mpaka unafika kwa yule asiyemfuata mtu. Huyo ndiye mkuu."

"Kila siku unapanda hivyo?"

"Kwa nini nipande kila siku? Nikishamjua mkuu wake siku moja, imekwisha. Kesho nikimwona najua moja kwa moja ni wa yule mweupe. Wale wa katikati siwaulizi tena."

Kikombe kilianguka mkononi mwa Nyamizi, kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha mwalimu. Hakukiokota. Alikuwa anamtazama baba yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Baba, mtamba mwekundu mkuu wake nani?"

"Anatembea na kundi la mweupe."

"Lakini ni wa mweupe?"

"Hapana. Anajipachika tu, kama yatima. Mama yake ni yule mwekundu mwenye paji jeupe, niliyempa Mboje mwaka jana anitunzie malisho yalipokuwa…"

Ngeleja aliinua macho kwenye paa la ghala. Kwenye daftari lililokuwa juu ya ghala, mbele ya namba ya mwisho, palikuwa na nafasi iliyoachwa wazi.

"Kwa hiyo humu zizini hana mkuu," alisema Nyamizi. "Ukipanda kutoka kwake, unatoka nje ya zizi, unafika kwa baba mkubwa Mboje. Jumanne kulikuwa na makundi mangapi lamboni?"

Mayige alijibu kutoka mlangoni. "Mengi. Hata la Mboje lilikuwepo. Lambo lao limekauka, siku hizi wanakuja kwetu."

"Lakini Mboje alikwambia hayupo," alisema Ngeleja.

"Alisema hakuna mgeni, baba. Hakuinuka hata kuangalia."

Ngeleja alisimama, akachukua fimbo yake. Akafika mlangoni, akageuka.

"Wewe," alimwambia binti yake. "Unangoja nini? Twende."

* * *

Walikwenda wote wanne, na Minza akawafuata nyuma na khanga yake ya kanisani, midomo ikitembea bila sauti. Kundi la Mboje lilikuwa linarudi, limejaza njia yote, pembe juu ya pembe, vumbi limepanda. Mboje alikuwa amesimama nje ya mji wake.

"Karibuni! Leo mmekuja na serikali?" alisema alipomwona mwalimu. "Ngeleja, nimeshamwambia kijana wako. Au daftari limesema yuko kwangu?"

"Limesema," alijibu Ngeleja.

Mboje alicheka, lakini alicheka peke yake.

Nyamizi alipiga goti, akasalimia. "Baba mkubwa, hatumtafuti mtamba. Naomba tumwone tu yule mwekundu mwenye paji jeupe."

"Kati ya hao wote? Haya, mtafute."

Nyamizi hakuangalia kundi lote. Alisimama pembeni ya njia akayaacha mapaji yapite: jeusi, la kijivu, la kahawia, jeusi tena. Kisha likaja jeupe, juu ya ng'ombe mwekundu mnene aliyetembea bila haraka. Nyamizi aliangalia nyuma ya mgongo wake. Mtamba mwekundu alikuwa amebandika pua kwenye kiuno cha mama yake, macho yamefumbwa nusu.

Minza alikaa chini palepale kwenye vumbi na khanga yake ya kanisani, akainua mikono.

"Haki ya Mungu sikumwona," alisema Mboje. Alivua kofia yake. "Ngeleja, usije ukafikiri…"

"Sifikiri chochote. Kundi ni kubwa." Ngeleja alimgusa begani. "Ndiyo shida ya kuwa na wengi."

Wakati wa kurudi mtamba alitembea mbele akilia, akigeuka nyuma kumtafuta mama yake, na Mayige alimsukuma taratibu. Ngeleja alitembea sambamba na mwalimu.

"Hiyo karatasi unayo?"

"Ninayo, mzee."

"Na ile kalamu?"

Alitia sahihi akiwa ameegemeza karatasi kwenye mgongo wa mtamba.

* * *

Ijumaa, baada ya vipindi, Nyamizi na Violeth walikaa tena kwenye viti viwili mbele ya kompyuta moja. Walifuta mistari sitini waliyoiandika kwa wiki tatu. Mahali pake waliandika mistari kumi na minane. Kila kisiwa kiliwekewa jina la kimoja tu, kile kilicho mbele yake. Ukiulizwa habari za viwili, panda kutoka kila kimoja mpaka kwa mkuu wake. Wakuu wakifanana, ni ukoo mmoja. Na ukishamfikia mkuu, mwandike, ili kesho usiwaulize wale wa katikati.

"Yaani baba yako alikuwa nalo jibu muda wote," alisema Violeth. "Sisi tunalia hapa, jibu liko nyumbani linakunywa chai."

"Bonyeza."

"Bonyeza wewe. Baba ni wako."

Walibonyeza pamoja, kidole juu ya kidole. Kompyuta ilifikiri, kisha maneno ya kijani yakatokea, moja baada ya jingine, mpaka chini. Kelele walizopiga zilimfanya mlinzi wa shule aje mbio na rungu.

Jumamosi mchujo ulichukua saa tano. Minza alikaa nje kwenye nyasi na kitabu chake cha hisabati cha kidato cha pili, na kwa saa zote tano alisoma ukurasa mmoja. Ndani, swali la kwanza lilikuwa jepesi. La pili lilimpiga Nyamizi; aliacha nusu yake bila kuimaliza. La tatu lilizungumza juu ya nguzo za umeme na vijiji vinavyokatika wakati wa dhoruba. Alilisoma mara mbili. Akafumba macho, akasema amina bila kusema sala yoyote kabla yake, kwa kuwa sala ilikuwa inasaliwa nje na yeye alijua. Kisha akajiuliza: mkuu hapa ni nani? Akaanza kuandika.

* * *

Majina yalitoka Alhamisi iliyofuata. Mwalimu Anthony alikuja kwa pikipiki amempakia Violeth nyuma, na kabla hajazima injini alikuwa tayari anapiga kelele.

"Mzee! Mzee Ngeleja! Wameitwa wote wawili! Dodoma! Violeth amekuwa wa tano, Nyamizi wa…"

"Nyamaza!" alisema Ngeleja, na mkono wake ukapaa juu.

Mwalimu alizima injini.

"Mwanangu usimpe namba," alisema Ngeleja. "Sema tu: yumo?"

"Yumo, mzee."

"Basi. Yumo." Kisha ule uso wa mtu mzima ukamshinda, akacheka, akacheka mpaka akatafuta kigoda akae. "Wabeja, mwalimu. Asante sana. Mama Mayige! Umesikia? Yumo!"

Minza alikuwa ameshasikia. Alikuwa amemshika Nyamizi kichwa kwa mikono yote miwili, amempakata kifuani kama mtoto mchanga, akimshukuru Mungu kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na Violeth alikuwa amejiingiza katikati yao.

Majirani walianza kufika. Mboje naye alikuja, na ndama jike mwenye kamba shingoni. "Huyu ni wa yule mwenye paji jeupe," alisema, bila kumtazama mtu usoni. "Alizaliwa kwangu. Nimeona aje akae na dada yake, ili yule naye asiwe peke yake tena humu." Kisha akamgeukia Nyamizi. "Na wewe binti, siku ukipata nafasi, uje uniangalizie na mimi. Kwangu kuna wengine siwajui ni wa nani."

"Nitakuja na daftari, baba mkubwa?"

"Njoo na macho," alisema Mboje, na safari hii walicheka wote.

Jua lilipoanza kushuka ng'ombe walirudi. Ngeleja alipanda kwenye ngazi ya ghala, akachomoa daftari kwenye nyasi, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akamrudishia binti yake. Kisha akamwambia aende akasimame mlangoni.

Nyamizi aliliweka daftari chini ya kwapa, limefungwa. Mweupe mzee alipita na watu wake. Mwenye pembe iliyovunjika alipita na watu wake. Kijivu mwenye doa alichelewa, kama kawaida yake, na ndama wake akamgonga kwa nyuma. Mwishoni alikuja mtamba mwekundu, na nyuma yake, bado anashangaa mahali pageni, ndama wa Mboje, pua kwenye kiuno cha dada yake.

"Wametimia?" aliuliza Ngeleja. Alikuwa amelipa zizi mgongo, anatazama barabara ya kwenda mjini.

Nyamizi aliwaangalia wakuu, akaangalia migongoni kwao.

"Wametimia, baba."

Ngeleja hakutazama ndani kuhakikisha. Alisukuma miti ya mlango mpaka mwisho, akafunga.